Daka la Nahodha Lali

Somo yangu,

Salamu nitakupa, maana salamu ni haki ya kila Muislamu, hata aliyemkasirisha bibi yake. Assalamu alaykum. Sasa kaa kitako unisikilize.

Barua hii haina bahasha. Nimemwambia anayeichapa aiweke mahali ambapo kila mtu ataisoma, na usiniulize kwa nini bibi yako anakusema mbele ya watu. Ulianza wewe. Binti ya jirani alinionyesha kwenye simu yake: umesimama mbele ya wakubwa wa makampuni huko Nairobi, mtandio umeufunga vizuri, miwani machoni, unawafundisha namna ya kuzigeuza idara zao za wafanyakazi na namna ya kulea viongozi. Ukasema, "Uongozi nilifundishwa na bibi yangu, mpiga pasi wa Amu." Wakakupigia makofi. Mmoja akafuta macho.

Mimi sikufuta macho. Umenitaja mbele ya watu nisiowajua, na mimi nakujibu mbele yao hao hao. Najua nilikufundisha kwamba mkubwa hugomba faraghani. Lakini faraghani nimekupigia simu hata kidole kimechoka, na kila mara ni "Bibi, niko mkutanoni." Mkutano gani huo usiokwisha? Hata Ramadhani huisha.

Basi kama ni kweli nilikufundisha, hebu tukumbushane nilikufundisha nini.

Mamako alipotangulia mbele ya haki ulikuwa huna hata meno ya mbele. Nilikuwa msimamizi wa dobi pale hotelini Manda, nina wanawake saba chini yangu, na mtu wa kukuachia sikuwa naye. Nikawa nakwenda nawe. Ulikuwa ukikaa chini ya meza ya kupigia pasi, juu ya mto wa foronya chafu, unatazama miguu ya watu. Ulimjua kila mwanamke kwa miguu yake. Siku moja ukaniambia, "Bibi, huyu wa kandambili za kijani leo analia." Nikatazama juu, kweli, machozi yanadondokea shuka. Nikamtoa nje nikamuuliza. Mumewe alikuwa amemwacha asubuhi ile. Nikampa kazi ya kuanika, ili awe juani peke yake asitazamwe na mtu.

Na ile siku msichana mmoja alipounguza kanzu ya hariri ya mgeni, wakumbuka? Meneja akaja amefura. Nikamwambia, "Nimeunguza mimi." Alipoondoka nikamfungia yule msichana ndani ya stoo nikamsema mpaka masikio yakawa mekundu. Wewe ukanivuta buibui: "Bibi, mbona umesema uwongo?" Nikakujibu kwamba aliyewekwa mbele hupigwa mbele, kisha akirudi nyuma ndipo naye hupiga. Hilo ulilisema kule Nairobi, nililisikia. Ulilipamba kidogo, lakini ulilisema.

Lile la meneja na daka hukulisema. Na hilo ndilo kubwa.

Hoteli ilikuwa ikifungwa mvua za masika zinapoanza, wageni wakirudi kwao. Kabla ya kufunga, meneja wetu wa wakati ule, Mungu amrehemu, alikuwa akivuka kuja Amu akipita nyumba kwa nyumba. Haingii ndani. Anakaa dakani, pale penye viti vya mawe mbele ya mlango, anangoja kahawa, kisha anamwambia mtu: pumzika, mvua zikisha utarudi. Na yule ambaye hatarudi, kwake alikwenda mwisho, siku ya peke yake. Hakuwahi kumtuma mtu. Anakaa, anakunywa, anasema, "Bwana fulani, kazi yako kwetu imekwisha," na sababu anaitaja.

Tulipita siku moja mimi nawe tukamkuta kwenye daka la mpishi mmoja mzee. Mpishi amesimama anamtukana yeye, nina yake aliyemzaa na waliomzaa nina yake. Akamwagia kahawa ya moto kanzuni. Meneja akajifuta kwa leso, akakaa vile vile. Ukaniuliza, "Bibi, mbona haondoki?" Nikakwambia, "Hajamaliza kutukanwa." Tulipolala usiku ule ulinirudishia neno hilo mara mbili tatu, unacheka peke yako kitandani. Najua ulilishika. Ndiyo maana siwezi kusema hukujua.

Sasa, mimi si mwanamke wa kumnyima mtu haki yake. Ulipotoka chuo ukapewa kuiongoza idara ya wafanyakazi ya kampuni yenye hoteli yetu, ile watu wanayoiita echiara, ulifanya makubwa. Kabla yako mtu alikuwa anaajiriwa kwa kuwa ni mpwa wa fulani. Mwanamke akionekana na tumbo, anaambiwa aende akalee. Msimamizi akiamka na hasira, mtu hana kazi, na hakuna pa kushitaki. Wewe ukaleta mikataba ya maandishi. Ukaleta likizo ya uzazi. Wale wasimamizi waliokuwa wakipokea kuku na samaki ndipo wampe mtu zamu nzuri, ukawaweka kando. Uliniambia hapa hapa jikoni kwangu, unakula mkate wa mofa, "Bibi, neno la mdomo halina ushahidi. Maandishi yanamlinda mnyonge." Nikakuamini. Nilitembea muyi mzima, mtaa kwa mtaa, kichwa juu. Waliosema mpiga pasi hazai meneja, nilipita mbele ya milango yao makusudi.

Halafu ukafika kwa Nahodha Lali.

Watu wa huko uliko hawamjui, nitawaambia. Lali Shee aliendesha boti ya kampuni kati ya uwanja wa ndege wa Manda, hoteli na hapa Amu, tangu boti ni ya mbao hata ikawa ya plastiki. Jirani yetu, daka lake linatazamana na langu. Mke wake alikufa zamani na watoto wake wako Pate. Kwenda na kurudi nami kazini ulikuwa ukikaa mbele, kwenye kamba, na ni yeye aliyekufundisha kuogelea kwa kukutupa majini kisha kuruka nyuma yako na sare zake.

Na siri yake uliijua wewe kabla yangu mimi. Lali alikuwa hasomi. Akipewa kile kibao chenye jina la mgeni akakishike pale uwanjani, hajui juu ni wapi na chini ni wapi. Siku moja alikishika kichwa chini, wageni wakacheka wakampiga picha. Wewe uliona. Kesho yake ukachukua kalamu yangu ya kutilia alama nguo, ukamwambia, "Nahodha, nitatia nukta pembeni. Nukta ikiwa juu, mkono wa kulia, umeshika sawa." Kila kibao ulikitia nukta. Ulipokwenda bweni Mombasa ukanikabidhi mimi ile kazi. Nimetia nukta miaka mingi, Somo yangu, na hakuna aliyejua ila sisi watatu. Alikuwa akikuita "Mwalimu." Mwalimu wangu hajambo? Mwalimu wangu arudi lini?

Mwaka jana kampuni ikaleta boti mpya za kasi. Ukaandika sheria kwamba kila nahodha awe na cheti cha shule na cheti cha bahari. Sheria haina ubaya. Watu huvukishwa na roho zao zimo mikononi mwa nahodha. Lali umri ulikuwa umekwenda, na angeambiwa vizuri angefahamu. Angekasirika, angetukana, angekaa. Mimi namjua.

Ujumbe wako ulimkuta akitoka msikitini adhuhuri. Simu ikalia mfukoni. Akavuka ndia akaja kwangu, maana mimi herufi nilizipata ukubwani, kwenye kisomo cha ngumbaru, na yeye alipenda kunitania.

"Bi Somoe, daktari wa herufi, nitazamia. Mimi mato yangu ya kuonea samaki tu."

Nikavaa miwani. Nikasoma moyoni kwanza. Kampuni inafanya mageuzi. Nafasi yako imeondolewa kuanzia tarehe fulani. Tunakushukuru kwa mchango wako. Rudisha sare na vifaa. Na chini kabisa: Somoe, Meneja wa Rasilimali Watu. Jina langu nililokupa siku ya saba, nakunyoa nywele za utotoni.

Ulimwachisha kazi kwa kuwa hasomi, ukamwachisha kwa maandishi. Hebu lirudie hilo polepole.

"Wanena nini?" akauliza Lali. Amekaa kwenye kiti cha jiwe, amevua kofia anajipepea. "Umenyamaza kama umeona jini."

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, maana sijakwambia hili, wala sikumwambia mtu.

Nilimdanganya.

Nilisema, "Mvua zimekaribia. Wasema upumzike kama kila mwaka. Watakuita." Ulimi wangu ulisema wenyewe, kwa ajili ya jina lako. Sikuweza kumsomea mtu yule jina lako chini ya maneno yale. Nilijiambia nitakupigia, utakuja, utakaa dakani kwake, utamwambia wewe mwenyewe kama ipasavyo, na uwongo wangu utakuwa umemsitiri siku mbili tatu tu. Lali akacheka. "Na aliyeandika ni mwalimu wangu?" Nikasema ndiye. Akasema, "Mwambie hajambo nahodha wake. Mwambie mwaka huu nalala mpaka mvua zishe."

Nikakupigia. Mara hiyo ulipokea. Nikasema uje kwa Lali.

Ukaniambia, "Bibi, ni utaratibu. Wote wametumiwa siku ile ile, saa ile ile, ili asiwepo anayependelewa. Nikienda kwa Lali nisiende kwa wengine, nitakuwa nimerudi kule kule kwa kujuana."

"Basi nenda kwa wote."

"Ni wengi, Bibi."

"Hao wengi si ndio uliowaandikia wote?"

Kisha ukasema una mkutano.

Mvua zikaja zikapita. Lali akapaka chokaa daka lake. Kila akiniona anauliza, "Hawajaita?" nami nasema bado. Kila jioni nikijiambia kesho nitamwambia. Mimi, niliyemfungia yule msichana stoo! Mimi ninayeogopwa na punda wa mtaa huu! Sikuweza kuvuka ndia ya hatua nne.

Asubuhi moja hakuuliza. Alivaa sare yake, nyeupe, niliipiga pasi mwenyewe, akapanda boti ya watu akavuka Manda kuripoti. Askari wa getini ni kijana wa bara, mpole. Alitazama orodha, akatazama tena. "Mzee, jina lako halimo." Lali akamwambia atazame vizuri, yeye alipumzishwa na Meneja mwenyewe, na mvua zimekwisha. Askari akampigia mtu wa ndani, na yule wa ndani akatoka akamwambia, mbele ya wageni wenye mabegi yao, kwamba kazi yake ilikwisha kabla ya mvua na kwamba alipelekewa ujumbe. "Hukuusoma?" akaulizwa.

Hukuusoma. Mtu yule aliyeificha aibu hiyo miaka yote ile kwa nukta ya wino.

Alirudi akaja moja kwa moja kwangu. Hakukaa. Akatoa simu.

"Bi Somoe. Nisomea tena. Sasa nisomea ulivyoandikwa."

Nikamsomea. Neno kwa neno, mpaka kwenye jina. Akasikiliza kama anasikiliza hotuba ya Ijumaa. Nilipomaliza akasema, "Yeye hakunambia, na wewe hukunambia." Basi. Hakutukana. Laiti angetukana. Laiti angenimwagia kahawa ya moto.

Jioni akaja na sare zote mbili zimekunjwa. Akaniomba nizifue nizipige pasi, mali ya kampuni irudi safi. Nikazifua kwa mkono, si kwa mashine. Nikazipeleka Manda mwenyewe, na yule mtu wa ndani akanitilia sahihi kwenye karatasi kwamba zimepokelewa. Hiyo karatasi ninayo. Ndiyo maandishi yako yanayomlinda mnyonge.

Tangu siku ile Lali hakukaa dakani tena. Mlango alikuwa akiuacha nusu, anaonekana kivuli ndani. Akienda msikitini anapita ndia ya nyuma. Nikimpelekea uji anaupokea, anasema ahsante, anafunga. Watoto wake wakaja kutoka Pate kumchukua akakataa. Kabla ya Maulidi alifariki, alfajiri, hajakohoa hata mara moja. Sisemi umemuua. Ajali ya mtu, siku yake ya mwisho, iko kwa Mola wake, na mwenye kusema vingine anakufuru. Nasema alikufa hajatutolea la moyoni, na hilo halitengenezeki, si kwako wala kwangu.

Siku ya nne ya msiba ofisi yako ikaleta shada la maua, kubwa kama gurudumu, lina utepe wenye jina la kampuni. Shada la maua, Amu, kwenye hitma! Nani aliwaambia sisi huzika kwa maua ya plastiki na ya kweli yamechanganywa? Hakuna aliyejua pa kuliweka. Likaegemezwa kwenye daka, na punda wakala yale ya kweli. Ya plastiki yalikaa pale mpaka upepo ukayachukua. Watu walicheka, Mungu atusamehe, walicheka msibani. Nilisikia mtu anasema, "Mjukuu wa Bi Somoe huyo." Nikajifunika uso.

Basi kwa nini nakuandikia leo, na maji yameshamwagika? Kwa sababu habari za orodha ya pili zimefika. Kampuni inaleta mashine kubwa za kufulia na kupiga pasi, na dobi watabaki wawili. Wale wanawake ni wangu, hata kama nimeshastaafu. Wengine niliwaajiri na maziwa yakiwatoka kifuani. Kila simu ikilia mle ndani, pasi zinasimama.

Juzi alikuja kwangu Mama Njeri. Huyu ni mtu wa bara, Mkristo, alikuja hapa na mume askari, mume akahamishwa akahama na mke mwingine, yeye akabaki na pasi. Alileta maembe. Tukakaa. Nikamwambia yale niliyowaambia wenziwe: ujumbe ukija msiulete kwangu, mimi simsomei mtu tena. Akasema, "Bibi, mimi nimesoma mpaka darasa la nane, nitaisoma mwenyewe." Kisha akamenya embe lote bila kulila. Akasema, "Lakini nitaisomea wapi? Kwa chumba, peke yangu? Nikimaliza kuisoma nimwangalie nani?"

Nimetafuta jibu tangu juzi hiyo, ndipo nikachukua daftari hili.

Uliniambia neno la mdomo halina ushahidi. Kweli, halina. Lakini lina uso, Somo yangu. Mtu akiachishwa kazi anataka uso wa kuutazama, autukane, au aulilie. Mkataba wako uandike, sheria yako itunge, mashine yako lete, sikuzuii. Hayo ndiyo mageuzi, na mengine ni mema. Ila hao viongozi unaowalea huko kwa vipaza sauti, ukiwafundisha kila kitu usiwafundishe kukaa mpaka mtu amalize kutukana, umelea makarani. Na kampuni ya makarani ndiyo hii iliyompelekea maiti shada.

Kwa hiyo nakutaka hivi, na silegezi. Kabla simu ya mtu yeyote haijalia, panda ndege uje. Usifikie hotelini. Uje Amu, uvue viatu vya visigino, ukae kwenye daka la kila mwanamke aliye kwenye orodha yako, useme kwa mdomo wako. Watakutusi. Mwana Esha atakutusi vibaya zaidi, ana kipaji. Hutaondoka mpaka amalize. Nitakuwa nimekaa ubavuni mwako, sitafungua mdomo, kwa kuwa nami nina deni la kutukanwa.

Kwa Lali tutaanza. Hakuna mtu pale, nyumba imefungwa, chokaa aliyopaka inabambuka. Tutakaa tu. Hatutaambiwa kitu, na huo ndio uzito wake.

Na Mama Njeri usimwache kwa kuwa hana daka. Amepanga chumba kimoja mtaa wa Langoni, mlango wafungukia ukuta. Atakupindulia ndoo ya kufulia. Ukae juu ya ndoo.

Usipokuja, nyumba yangu usiitaje tena kwenye mikutano yako, na pasi yangu usiitaje. Sema uongozi ulijifunza chuo.

Kahawa nimeshanunua, buni mbichi. Sitaikaanga mpaka nikuone.

Mimi niliyekunyoa na kukupa jina,
Bibi yako